Mwezi wa Pasaka



Kila Kwaresima katika jumuiya zetu ndogo ndogo hurudi swali lile lile: kwa nini Noeli haihami tarehe 25 Desemba, ilhali Pasaka mwaka huu iko Machi na mwaka ujao iko Aprili? Wengine huongeza, kwa mzaha kidogo, kwamba mapadre huipanga wapendavyo. Jibu lake liko angani, na sisi wa Kibosho tunaweza kulisoma tukiwa kihambani.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kinaagiza mwanakondoo achinjwe jioni ya siku ya 14 ya mwezi wa kwanza. Kwa Waisraeli mwezi wa mwaka ulianza na mwezi mwandamo, kama neno letu la Kiswahili linavyotumika kwa vyote viwili. Siku ya 14 basi ni mwezi mpevu. Bwana wetu aliteswa katika majira hayo, na Kanisa halikutaka kuyaacha. Wakristo wa Asia Ndogo waliadhimisha siku ya 14 yenyewe, iwe Jumanne au Ijumaa. Roma ilisisitiza Dominika. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliamua wote waadhimishe siku moja, na hesabu ya Aleksandria ndiyo iliyoshinda hatimaye: Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Dionisi Mdogo aliileta hesabu hiyo Roma mwaka 525.

Tuufuate mwezi mmoja kwa macho, ule wa Pasaka ya 2025. Mwezi ulizaliwa tarehe 29 Machi, na jioni ya tarehe 30 ulikuwa mwembamba upande wa Meru, umelala chali kama mtumbwi, kwa kuwa tupo karibu na mstari wa Ikweta. Ulizama muda mfupi baada ya jua. Ni mwezi mwandamo huo huo uliofunga Ramadhani ya ndugu zetu Waislamu. Mwezi mmoja ulihudumia sikukuu mbili. Kila siku ulichelewa kuzama kwa takriban dakika 50. Tarehe 5 Aprili ulifika nusu: jua lilipotua wenyewe ulikuwa juu, umeelemea upande wa Kibo, ukazama baada ya saa sita usiku. Jioni ya tarehe 12, mkesha wa Dominika ya Matawi, ulichomoza mashariki wakati jua likizama magharibi. Huo ndio upevu.

Kuanzia hapo huchelewa kuchomoza. Alhamisi Kuu, tarehe 17, waliobaki kuabudu waliuona baada ya saa nne usiku, umeanza kumeguka. Mkesha wa Pasaka moto mpya uliwashwa gizani kweli kweli, maana mwezi haukutokea hadi karibu na saa sita usiku. Miaka mingine huwa tofauti: mwaka 2026 upevu ni alfajiri ya Alhamisi Kuu yenyewe, tarehe 2 Aprili, na jioni yake mwezi huchomoza mara baada ya giza kuingia. Ni mwanga wa kutosha kumrudisha mzee nyumbani katikati ya migomba bila tochi, kama mawingu ya masika yataruhusu.

Jambo hili lina uzito katika kusoma Injili. Luka (23:44-45) anasema giza liliifunika nchi hadi saa tisa. Walikuwapo waliodai kwamba ni kupatwa kwa jua tu. Mkristo msomi Yulio Afrikano aliwajibu mwanzoni mwa karne ya 3: jua hupatwa mwezi unapopita mbele yake, yaani siku za mwezi mchanga, na Pasaka ya Wayahudi ni siku ya 14, mwezi ukiwa upande wa pili wa mbingu. Hoja hiyo haijatikisika hata leo, na kila anayetazama mwezi mpevu ukichomoza mashariki na jua likitua magharibi anaweza kuihakiki mwenyewe.

Hata hivyo Kanisa halingojei mtu apande mlimani kuchungulia. Linahesabu. Wayunani waligundua kwamba miaka 19 inakaribia sana miezi 235 ya mwandamo, na jedwali zikajengwa juu ya msingi huo. Lakini kukaribia si kulingana. Kufikia karne ya 16 mwezi wa vitabuni ulikuwa nyuma ya ule wa angani kwa siku kama 4, na siku ya usiku kulingana na mchana ilikuwa imerudi hadi tarehe 11 Machi. Papa Gregori XIII, kwa kazi ya tabibu Aloysius Lilius na Mjesuiti Christopher Clavius, alirekebisha vyote viwili mwaka 1582: Alhamisi tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na Ijumaa tarehe 15. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walioanzisha misioni hapa Kibosho mwaka 1893 walikuja na kalenda hiyo.

Bado jedwali hupishana na anga mara chache. Tarehe 21 Machi 2019, majira ya masika kwa hesabu ya wanajimu yalianza saa saba kasoro dakika 2 usiku kwa saa zetu, na mwezi ukapevuka saa kumi na dakika 43 usiku ule ule. Kwa anga, Pasaka ingekuwa tarehe 24 Machi. Kwa jedwali, upevu ulikuwa tarehe 20, siku moja mapema mno, nasi tukangoja hadi tarehe 21 Aprili.

Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema haupingi Pasaka kuwekewa Dominika maalumu, iwapo Wakristo wengine watakubali. Baba Mtakatifu Fransisko alilirudia wazo la tarehe ya pamoja Januari 2025. Umoja ukidai hivyo tutatii kwa furaha. Tunakiri tu kwamba Dominika isiyohama itaikata kamba ya mwezi, na miaka mingine usiku wa Getsemani utakuwa usiku usio na mwezi kabisa.