Oksijeni Iliyoyeyuka

Kwa mwenye kidimbwi cha samaki bustanini, kuanzia Gazi hadi Msambweni mjini, kipindi kibaya cha mwaka ni maleleji. Kaskazi imekatika, kusi haijashika, jua ni kali na maji yametulia tuli. Alfajiri perege huonekana wametoa midomo juu ya maji wakitweta. Mmoja atasema wametiliwa sumu. Mwingine ataona wana njaa na kuwamwagia pumba, na hapo ndipo atakapowamaliza.

Wanachokikosa kina jina refu kidogo: oksijeni iliyoyeyuka majini. Vipima vya mkononi huionyesha kwa herufi DO, kifupi cha dissolved oxygen, na kipimo chake huandikwa kwa miligramu katika kila lita ya maji. Kitenzi kuyeyuka ndicho kinachomtatiza msikilizaji. Barafu huyeyuka, samli huyeyuka, chumvi huyeyuka kwenye mchuzi. Hewa nayo yayeyuka vipi? Jawabu limo kwenye chupa ya soda. Kabla ya kufunguliwa haionyeshi povu wala kiputo, lakini gesi imo, imetawanyika chembe kwa chembe katikati ya chembe za maji. Oksijeni hukaa kidimbwini vivyo hivyo, ila kwa kiasi kidogo mno.

Wapo wanaopendelea kuandika “oksijeni iliyoyeyushwa”. Kauli hiyo ya kutendwa huleta swali la bure: imeyeyushwa na nani? Kidimbwini haina mtu wa kuiyeyusha. Huingia yenyewe kutoka hewani pale upepo unapoyasukasuka maji, na hutolewa na mimea ya majini inapopata jua. “Iliyoyeyuka” inatosha, tena inasema kweli.

Neno hilo si pambo la kuachwa ili kufupisha maneno. Ukitaja “oksijeni ya majini” tu, umechanganya vitu vitatu. Kwanza kuna oksijeni iliyomo ndani ya maji yenyewe, ambayo ni karibu asilimia 89 ya uzito wake. Hiyo imefungamana na haidrojeni, na samaki hawezi kuipata hata afanyeje. Kisha kuna ile iliyo ndani ya viputo vya pampu, ambayo nyingi hupanda juu na kupotea. Ivutwayo na matamvua ni ile ya tatu peke yake, iliyoyeyuka. Ndiyo maana pampu ya mapambo inayotoa viputo vichache kwenye kona moja ya kidimbwi huweza kumfurahisha mgeni wa Diani na isimsaidie samaki. Faida kubwa ya pampu ni kuzungusha maji, ya chini yapande juu yakutane na hewa.

Akiba yenyewe ni ndogo. Lita moja ya hewa tunayovuta ina takriban miligramu 270 za oksijeni. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi yenye joto la nyuzi 28 za Selsiasi, maji ya kawaida kabisa hapa Kwale, haiwezi kushika zaidi ya miligramu 8 hivi kutoka hewani. Maji yakizidi kupata joto hushika pungufu ya hapo, na yenye chumvi hushika kidogo kuliko yasiyo na chumvi. Perege hukua vizuri kukiwa na miligramu 4 au 5 na kuendelea. Huvumilia chini ya hapo kwa muda, lakini hali vizuri wala hanenepi. Kambare ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo kidimbwi cha kambare wazima si ushahidi kwamba maji ni mazima.

Halafu kuna rangi ya kijani ya maji. Rangi hiyo ni ya mwani mdogo usioonekana kwa macho, si ule unaolimwa na kina mama wa Kibuyuni. Mchana mwani huu hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua, hata kipimo cha alasiri kikapita miligramu 10. Usiku nao huivuta, pamoja na samaki, pamoja na bakteria wanaoozesha majani ya mkungu, mbolea ya kuku na pumba zilizobaki. Kufikia alfajiri kidimbwi kilichokuwa tajiri jana huweza kuwa na miligramu mbili au pungufu. Mvua za mwaka zikianza na mawingu yakatanda siku tatu mfululizo, hesabu huharibika zaidi.

Ziwa zima nalo laweza kufikwa na hayo. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, sangara wengi walielea wamekufa upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria. Watu walihofu sumu. Wizara inayosimamia uvuvi ilieleza kwamba dhoruba zilikuwa zimeyachanganya maji ya chini, yenye oksijeni kidogo, na yale ya juu ya ziwa, oksijeni ikapungua. Sangara, anayehitaji oksijeni nyingi kuliko perege, ndiye aliyeumia zaidi.

Kwa bustani ya Msambweni, kazi si kubwa. Maji ya kisima mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo, basi yaangushwe kutoka juu, yapige mawe kabla ya kuingia. Magugu yasifunike uso wote wa maji. Asiye na kipima azamishe mkono akiwa amekunjua kiganja: kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, na rangi ni ya kijani, mwani umezidi, mbolea isimamishwe na sehemu ya maji ibadilishwe. Samaki wakitweta, wasipewe chakula, bali maji yamwagwe na kurushwa juu hadi jua lipande. Na mwenye kipima akitumie kabla ya mapambazuko. Kipimo cha saa nane mchana hakimwambii lolote kuhusu usiku ambao samaki wake wameupitia.