Rasimu na Lugha Yake: Makatibu Wakuu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki

Mkulima wa miwa wa Mumias, katika Kakamega, anaijua vyema bei ya sukari dukani. Asichokiona ni jinsi ushuru wa sukari ya kigeni unavyoamuliwa. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza Januari 2005, sukari iliwekwa miongoni mwa bidhaa nyeti, zitozwazo zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida cha wakati huo, yaani asilimia 25. Maamuzi ya namna hii hubeba jina la Baraza la Mawaziri, lakini mawaziri huyapokea yakiwa karibu yameiva.

Jumuiya ya kwanza, ya Mkataba wa 1967, iliwaegemea mno marais watatu. Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971 marais hao waliacha kukutana, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mkataba wa 1999 ulijenga ngazi: kamati za kisekta, juu yao Kamati ya Uratibu ya makatibu wakuu, kisha Baraza, kisha Wakuu wa Nchi. Kamati ya Uratibu hutangulia kukutana, na Baraza hupokea ripoti na mapendekezo yake. Katika Umoja wa Afrika kazi hiyo ni ya mabalozi wakaao Addis Ababa. Na huko Brussels, jambo walilokwisha kupatana mabalozi wa nchi za Ulaya mawaziri hulipitisha bila mjadala.

Ibara ya 137 ya Mkataba wa 1999 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano. Wapenzi wa Kiswahili wameilalamikia zaidi kama suala la heshima. Malalamiko hayo ni ya haki, ila yanalenga ukumbini, mahali ambapo kazi imekwisha kufanyika. Baraza huamua kwa mwafaka. Kwa hiyo neno moja la rasimu, litofautishalo lazima na hiari, hupiganiwa mapema, nalo hupiganiwa kwa Kiingereza. Joaquim Chissano alihutubia Umoja wa Afrika kwa Kiswahili mwaka 2004, na mwaka 2022 Umoja huo ukakifanya lugha ya kazi. Hotuba ni jambo jema. Rasimu ya ushuru wa sukari si hotuba.

Februari 2021 Wakuu wa Nchi za Jumuiya waliliagiza Baraza liharakishe kuvifanya Kiswahili na Kifaransa lugha rasmi. Kwa mujibu wa Mkataba, utekelezaji wa agizo kama hilo huteremka tena hadi mezani pa makatibu wakuu.