Mkate Usiotiwa Chachu

Hapana mkate mnyonge kuliko matza, mkate wa Pasaka ya Wayahudi. Ni unga na maji tu. Sheria ya marabi yataka zisipite dakika 18 tangu donge liachwe kukandwa hata kuokwa, kwa maana likiachwa huanza kuumuka lenyewe. Mtu wa pwani angesema hamira. Bali wafasiri wa Biblia walisema chachu, na walichagua vema, kwani watu wa kale waliumua mikate yao kwa kipande cha donge la jana lililochachuka.

Kitabu cha Kutoka chaeleza kwamba Waisraeli walitoka Misri kwa haraka, donge lao lisipate kuumuka. Kumbukumbu la Torati chauita mkate huo huo mkate wa mateso. Basi chakula kimoja chabeba utumwa na uhuru pamoja. Wataalamu wengi wamedhani kwamba asili yake ni ya zamani zaidi: sikukuu ya wakulima mwanzoni mwa mavuno ya shayiri, iliyounganishwa baadaye na sikukuu ya wachungaji na mwana-kondoo wao. Hekalu lilipobomolewa mwaka 70, sadaka ya kondoo ilikoma. Katika sahani ya Pasaka ukabaki mfupa tu, na mkate ukashika nafasi ya mbele.

Wakristo waliurithi mkate huo pamoja na ugomvi. Injili tatu zasema kwamba karamu ya mwisho ya Yesu ilikuwa ya Pasaka. Yohana asema alisulubiwa siku ya maandalio yake. Kwa hiyo, je, mkate alioumega ulikuwa na chachu? Kufikia karne ya 11 Walatini walitumia usiotiwa chachu, na Wagiriki uliotiwa. Mwaka 1053 Leo, askofu mkuu wa Ohrid, aliandika waraka wa kuwashutumu Walatini kwamba wanafuata desturi ya Kiyahudi. Wagiriki waliona mkate usio na chachu ni kitu kisicho na uhai. Tarehe 16 Julai 1054 Kardinali Humbert aliweka hati ya kumtenga Patriaki Mikaeli Kerularios juu ya altare ya Hagia Sophia. Chachu haikuwa sababu pekee, lakini ndiyo iliyoweza kuonekana kwa macho ya kila muumini. Mtaguso wa Florence wa mwaka 1439 ulitamka kwamba mikate yote miwili yafaa. Waorthodoksi, wakiwamo wa Kenya na Uganda, wangali wanatumia wenye chachu.

Wayahudi nao walikuwa na ugomvi wao. Mwaka 1838 ilibuniwa huko Alsace mashine ya kutengeneza matza, na mwaka 1859 Rabi Solomon Kluger wa Brody akaipiga marufuku. Alihofu kwamba mabaki ya donge yatanasa katika mashine na kuchachuka. Tena alitaja maskini waliopata fedha za sikukuu kwa kukanda kwa mikono: nani atawalisha? Hoja hii ya pili ndiyo nzito zaidi, ingawa watu waliisahau mapema. Rabi Joseph Saul Nathanson wa Lemberg alimjibu mwaka ule ule kwa kuiruhusu mashine. Siku hizi matza nyingi hutoka viwandani, zikiwa za pembe nne. Lakini Wahasidi wengi hawali ila ile ya mviringo, iliyokandwa kwa mkono.