Dari ya Gari na Bitana Yake

Gari likizeeka, kitambaa kilichofunika upande wa ndani wa paa huanza kuachia. Kwanza hutokea kiputo kidogo karibu na taa ya ndani au juu ya kioo cha nyuma. Baadaye kitambaa kizima huning'inia, kikagusa vichwa vya abiria na kumziba dereva asione vizuri kwenye kioo cha kati. Mwenye gari akifika kwa fundi, ndipo lugha inapokwama. Huyu anasema rufu imeshuka, yule anasema silingi, mwingine anasema kitambaa cha juu. Kwa Kiingereza neno headliner hubeba kitambaa na ubao wake bila kuvitenganisha.

Kiswahili kinaweza kuvitenganisha, tena kwa maneno tuliyo nayo tayari. Paa ni bati la nje, linalonyeshewa mvua. Dari ni ubao mwepesi uliofinyangwa kufuata umbo la gari, unaofungwa chini ya bati hilo. Bitana ni kitambaa pamoja na sponji yake, kilichobandikwa kwenye dari. Fundi cherehani yeyote anaijua bitana: ndicho kitambaa cha ndani ya koti, kinachoficha mishono na kulifanya livalike vizuri. Kwenye gari kazi ni ileile, tena sponji huongeza faida ya kupunguza kelele na joto la bati. Kusema "paa la ndani" hakutoshi, kwa sababu anayesikia paa limeharibika anaweza kumtafuta fundi wa bodi na rangi.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu kinachoharibika mara nyingi si dari, wala si kitambaa. Ni sponji iliyo katikati. Magari ya zamani, kama Volkswagen Beetle za kwanza, hayakuwa nayo: bitana ilitandazwa juu ya vyuma vyembamba vilivyopindwa kutoka upande hadi upande. Magari ya siku hizi hutumia dari ya faibaglasi au nyuzi zilizoshindiliwa, kisha sponji ya poliurethini yenye unene wa milimita chache, kisha kitambaa. Joto na unyevu huivunjavunja poliurethini polepole. Gari lililoegeshwa juani vioo vikiwa vimefungwa hupata joto la zaidi ya nyuzi 50, na sehemu iliyo chini ya bati huungua zaidi. Ongeza unyevu wa miji ya pwani kama Tanga au Mombasa, na miaka ambayo gari lilishatumika kabla ya kuagizwa. Sponji hugeuka unga wa rangi ya kahawia, kitambaa kikakosa cha kushikilia.

Ndiyo maana kupuliza gundi nyuma ya kitambaa kilichoshuka ni kupoteza fedha. Gundi hiyo inashika unga, na unga haujashika kitu. Pini zinasaidia kufika nyumbani, basi.

Kazi ya kweli huanza kwa kuitoa dari. Fundi hufungua vizuia jua, vishikio vya abiria, taa na plastiki za nguzo, hulaza viti, kisha huipitisha dari mlango wa nyuma bila kuikunja, maana ikivunjika hakuna tena bitana ya kuzungumzia. Akishavua kitambaa, huvaa barakoa na kuikwangua sponji kwa brashi mpaka kiganja kikipita ubaoni kitoke kisafi. Hapa ndipo mafundi wenye haraka hukatisha kazi. Kitambaa kipya lazima kije na sponji yake, na gundi iwe ya kustahimili joto, ipakwe pande zote mbili na kuachwa kidogo ianze kukauka. Kisha kitambaa hulazwa nusu kwanza, kutoka katikati kwenda pembeni, kikisukumwa hadi ndani ya kila bonde. Kikikazwa juu ya bonde, joto la kwanza litakinasua.

Jambo moja halina mjadala. Magari mengi ya sasa yana mifuko ya hewa ya pembeni, yaani eabegi, iliyofichwa kwenye kingo za dari. Waya wa hasi wa betri utolewe na dakika kadhaa zipite kabla ya kufungua chochote, na kingo hizo zisigandishwe wala kushonwa, la sivyo huenda mfuko usifunguke vizuri siku ya ajali.

Kwa hiyo, unapopatana na fundi, usikubali neno "rufu" peke yake kwenye risiti. Mwandikishe: kubadilisha bitana ya dari, pamoja na kukwangua sponji yote ya zamani.