Monsuni ni msimu

Jioni moja ya Aprili, mtoto wa jirani alibisha mlangoni akiwa amelificha daftari la insha ndani ya sweta lisilowe. Hapa Gatongora, Ruiru, nyumba nyingi zimeezekwa mabati, na mvua ikishika, watu huongea kwa kupaza sauti. "Mwalimu," akasema, "monsuni ni nini?" Alikuwa ameliona neno hilo kitabuni, katika sentensi iliyosema Kenya ni nchi inayotegemea mvua za monsuni. Nikamwambia monsuni ni msimu. Akauliza: "Msimu gani?"

Jioni ile sikumjibu vizuri, na swali lake limenikaa.

Tuanze na ukoo wa neno lenyewe. Kiarabu kina mawsim, kutokana na mzizi wenye maana ya kutia alama. Mawsim ni wakati uliotiwa alama: wa hija, wa soko kubwa, wa kutweka tanga. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walilitembeza neno hilo bandari hadi bandari. Wamalay wakawa na musim. Wahindi wana mausam, ambalo kwao siku hizi ni hali ya hewa yenyewe. Wareno walipoingia bahari hii wakalichukua wakaliita monção, na kupitia kwao likawafikia Waingereza likiwa limebadilika sura hata halitambuliki. Pwani yetu likawa msimu, likaingia katika ngeli ya U-I pamoja na mti na mto, likazaa misimu, na hakuna anayekumbuka kwamba lilitoka nje.

Kwa hiyo anayeandika "monsuni" analipokea neno letu baada ya kuzungushwa Lisbon na London, kisha analikaribisha kama mgeni. Sina ugomvi na kukopa. Kompyuta ni kompyuta, na intaneti ni intaneti. Ila kukopa ulichonacho tayari kuna hasara yake: mtoto yule alidhani monsuni ni jambo la Wahindi, lililo kwenye ramani ya mbali, kumbe lilikuwa likigonga mabati juu ya kichwa chake.

Hata hivyo siwezi kudai kwamba msimu peke yake linatosha, maana ndugu hawa wameachana njia. Uhindini monsuni ikitajwa, watu hufikiria mvua. Kwa baharia lilikuwa upepo. Katika Kiswahili msimu ni kipindi chochote cha jambo fulani: msimu wa maembe, msimu wa watalii, msimu wa ligi. Wanaisimu hata huyaita maneno ya mitaani misimu, kwa kuwa huchanua na kunyauka. Ndiyo maana napendekeza tulitenge neno kwa uangalifu: pepo za msimu tunapozungumzia upepo, mvua za msimu tunapozungumzia maji. Tofauti hiyo ni ya lazima kwetu kuliko hata kwa Wahindi, na sababu iko angani.

Kuanzia Desemba hadi Machi, jua likiwa upande wa kusini, kaskazi huvuma kutoka Bara Arabu na Somalia. Ni upepo mkavu, ndiyo sababu Januari na Februari udongo mweusi wa upande huu wa Ruiru hupasuka nyufa za kumeza kidole. Baadaye pepo hubadilishana zamu, na kati ya Mei na Septemba anayetawala ni kusi. Kati ya hizo mbili kuna ukanda ambamo hewa kutoka kaskazini na hewa kutoka kusini hukutana. Zikikutana hupanda, zikipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka wingu. Ukanda huo hulifuata jua kwa kuchelewa wiki chache. Hutupitia ukielekea kaskazini, tukapata mvua ya Machi hadi Mei, na hutupitia tena ukirudi, tukapata ya Oktoba hadi Desemba.

Hapo ndipo tafsiri ya haraka inapokosea. Jimbo la Kerala, India, huanza kupata mvua zake mwanzoni mwa Juni, na upepo unaozileta ni kusi ileile iliyopita pwani ya Kenya, ikakaza mwendo kando ya Somalia, ikakata kwenda mashariki. Wao hunyeshewa upepo ukivuma. Sisi hunyeshewa pepo zikibadilishana. Juni hiyo Gatongora huwa na baridi na manyunyu tu, wingu limekalia Kiambu bila kumwaga la maana. Ukisema "mvua za monsuni" kwa mtoto wa Ruiru bila kumweleza hili, umempa picha ya nchi nyingine.

Na huo muda wa kubadilishana una jina. Mabaharia wa pwani huuita maleleji, au tanga mbili, kwa kuwa chombo huweza kwenda huku na huku. Wataalamu wa hewa wanaotafuta istilahi ya kipindi kilicho kati ya pepo mbili za msimu hawana haja ya kutunga lolote. Waokote hilo. Masika na vuli za bara, kwa sehemu kubwa, ni maleleji ya pwani. Wakikuyu waliolima vilima hivi kabla ya kahawa, na kabla kahawa haijang'olewa kuacha ploti za hamsini kwa mia, walizitaja mvua kwa mazao: mvua ya njahi ndiyo masika, mvua ya mwere ndiyo vuli. Mvuvi wa Lamu aliutaja upepo bila kulitaja shamba. Mkulima wa Kiambu alilitaja shamba bila kuutaja upepo. Lakini kila siku Mkenya wa bara husema "kaskazini" na "kusini", na hayo ni majina ya pepo zilezile yaliyotiwa -ni: mahali pa kaskazi, mahali pa kusi.

Sasa turudi kwenye ile alama ya mawsim. Wakati uliotiwa alama ni wakati unaoweza kuungojea, na alama hiyo ndiyo inayofutika. Kuanzia miaka ya 1980 hadi mwaka 2010 hivi masika yalikuwa yakifupika katika Afrika Mashariki, yakichelewa kuanza na kuwahi kuisha. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha katika kaskazini na mashariki mwa Kenya, na mifugo ikafa kwa mamilioni katika Pembe ya Afrika. Kisha vuli ya 2023 ikaja na mafuriko, na masika ya 2024 yakaua zaidi ya watu 250 nchini. Alfajiri ya Aprili 29 maji yaliporomoka Mai Mahiu, yakabeba watu wakiwa wamelala. Shule zilizokuwa zifunguliwe siku hiyohiyo zilisubiri hadi katikati ya Mei. Maji yalifunika sehemu za Barabara Kuu ya Thika, na kwenye njia zetu za ndani bodaboda hazikupita. Aliyekuwa na gambuti ndiye aliyefika stejini.

Matukio ya namna hiyo redioni huitwa "hali mbaya ya hewa". Neno mbaya silipendi hapa. Mbaya ni hukumu, na kila mtu ana yake: jua la Januari ni baya kwa mwenye mahindi, ni zuri kwa fundi wa ujenzi. Istilahi inatakiwa ipime. Afadhali "hali ya hewa iliyokithiri", kwa sababu kukithiri ni kuzidi kipimo, na mtu atauliza mara moja: kipimo kipi? Kipimo kipo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hukokotoa wastani wa miaka 30, na unaotumika sasa ni wa 1991 hadi 2020. Mvua ya siku moja ni hali ya hewa. Mwenendo wa miaka 30 ni tabianchi. Neno hili la pili ni zuri, tabia na nchi yamefungwa fundo moja, na kila mtu anajua kwamba tabia ya mtu huijui kwa siku moja uliyokutana naye. Wanaosema "mabadiliko ya hali ya hewa" wakikusudia mabadiliko ya tabianchi wanamharibia msikilizaji hesabu, kwa sababu hali ya hewa hubadilika kila siku, toka Adamu, na hilo halimtishi mtu.

Neno jingine linalotuponza ni Elnino. Tangu mafuriko ya 1997 na 1998, Wakenya huita hivyo kila mvua kubwa. El Nino ni kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki, na ushawishi wake kwetu ni mkubwa zaidi wakati wa vuli kuliko masika. Bahari ya Hindi nayo ina mambo yake: maji ya upande wetu wa magharibi yakiwa ya moto kuliko ya upande wa Indonesia, vuli hufurika, kama ilivyokuwa 2019 na tena 2023. Na juu ya hayo yote kuna ongezeko la joto la dunia, ambapo kila nyuzi moja ya selsiasi huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Mwaka ule wa 2023 watu walibishana miezi mizima kama Elnino inakuja au haiji, na ubishi ukahusu jina badala ya mitaro.

Nyuma ya nyumba yangu kuna ploti isiyojengwa, ambapo shosho mmoja hulima maharagwe kwa ruhusa ya mwenyewe. Maji yakizidi humtoka shambani kuelekea Mto Ruiru, yakaingia Athi, yakafika Malindi kwa jina la Sabaki, bahari ileile yalikotoka yakiwa mvuke. Mwaka huu nilimkuta ameinama mvua ikiwa imenyesha siku mbili tu.

"Shosho, umeshapanda?"

"Nimepanda nusu, Mwalimu."

"Na nusu ile nyingine?"

"Iko kwa kopo. Mama yangu alikuwa anapanda yote siku moja, alijua mvua ya njahi imefika. Mimi siwezi jua kama hii ndiyo yenyewe."

Akanionyesha kopo la mafuta ya Kasuku chini ya mbao, kifuniko kimebanwa kwa jiwe.