Mfupa Usio na Kipimo: Historia Fupi ya Msamiati wa Mkono

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mpaka upitao karibu na Lunga Lunga. Mpaka huo uliwagawa watu, wala haukugawa vipimo vyao. Kotekote pwani nguo ilipimwa kwa mkono, yaani dhiraa, tangu kisukusuku hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono miwili ikawa wari, minne pima.

Biashara hiyo ndiyo iliyochagua msamiati. Kiarabu hutenga dhiraa na adhudi, sehemu ya kutoka begani hadi kisukusuku. Kiswahili kilikopa neno la kwanza, lililofaa sokoni, kikaliacha la pili. Hivyo kigasha kina jina, lakini mfupa ulio mrefu kuliko mingine yote ya mkono, ambao kichwa chake cha mviringo hukaa begani na mwisho wake wa chini huungana na mifupa miwili ya kigasha, hauna jina moja lililozoeleka kwa wote.

Mgonjwa wa Lunga Lunga asemapo “mkono umevunjika”, tabibu hana budi kuuliza: wapi? Istilahi itakayoteuliwa haina budi kueleweka pande zote mbili za mpaka.