Picha Iliyofunzwa Kupepesa Macho

Agosti 1999, katika mkutano wa wataalamu wa michoro ya kompyuta mjini Los Angeles, Mona Lisa alionekana kutoka pembe ambayo Leonardo da Vinci hakuichora kamwe. Volker Blanz na Thomas Vetter, watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani, walikuwa wameipa kompyuta picha moja tu ya mchoro ule, nayo ikakisia yaliyobaki: mwinuko wa pua, kina cha macho, mviringo wa shavu.

Kijana wa leo hupakia picha yake kwenye programu, na muda mfupi baadaye akaingia laivu akiwa na kikaragosi kinachofanana naye, kinachopepesa macho pale anapopepesa na kufumbua mdomo anapoongea. Huenda hajawahi kusikia jina la mji wa Tübingen, lakini wazo analolitumia lilikomaa pale.

Ugumu wenyewe ni rahisi kuueleza. Picha ni bapa. Haisemi pua imechomoza kiasi gani wala kidevu kimeishia wapi. Blanz na Vetter walilipata jibu kwa watu wengine: walipima kwa mashine ya leza vichwa vya vijana 200, wanawake 100 na wanaume 100, waliovishwa kofia za kuogelea ili nywele zisisumbue. Kutokana na vichwa hivyo walipata uso wa wastani, pamoja na namna nyuso zinavyotofautiana nao. Uso wowote mpya ukawa mchanganyiko wa hizo 200, kiasi hiki kutoka kwa huyu, kiasi kile kutoka kwa yule, kama mpishi anayeonja mchuzi wa jirani na kukisia viungo vyake. Uso mmoja uliichukua kompyuta kama dakika 50.

Mpishi, hata hivyo, hawezi kutambua kiungo ambacho hajawahi kukionja. Watafiti wale walikiri wenyewe katika andiko lao kwamba hazina yao ilitosha kwa nyuso za Wazungu wa umri wa kati, na kwamba walitamani kuongeza watoto, wazee na watu wa asili nyingine. Nawaheshimu kwa kuyasema hayo mapema. Nasikitika kwamba wengi waliofuata hawakuyatilia maanani.

Uso wenye umbo bado ni sanamu. Lazima apatikane wa kuuchezesha. Mwishoni mwa mwaka 2016, huko Japani, msichana wa katuni aitwaye Kizuna AI alianza kutoa video kwenye YouTube, akiongozwa na mtu halisi ambaye mwendo wake ulinaswa na vifaa na sauti yake ikasikika. Alijiita “virtual YouTuber”, yaani mwanayutyubu wa kidijitali, na jina hilo likafupishwa kuwa vityuba, likabaki kwa wote waliomfuata. Kampuni zikaanza kuajiri waigizaji waliojificha nyuma ya sura za kuchorwa, na mamilioni ya watazamaji wakawafuata.

Wengi wao walitumia michoro bapa iliyokatwakatwa kwa programu ya Live2D: nyusi peke yake, kope peke yake, kila shungi la nywele peke yake, kisha kila kipande kikafunzwa kupinda. Ni kazi ya subira kubwa, na fundi mzuri hulipwa vizuri kwa haki. Upande wa kamera, programu ya FaceRig iliyotengenezwa Romania iliwawezesha watu kuanzia mwaka 2015 kuendesha kikaragosi kwa kamera ya kawaida ya kompyuta. Miaka miwili baadaye simu ya iPhone X ilikuja na kamera inayomwaga usoni zaidi ya nukta 30,000 za mwanga usioonekana na kusoma kina cha uso papo hapo.

Mwaka 2019 ndipo fundi wa kukata vipande alipopata mshindani. Pramook Khungurn, mhandisi wa programu kutoka Thailand, alionyesha mfumo wa akili bandia uliopewa mchoro mmoja tu wa uso wa katuni, ukaugeuza kichwa, ukafumba macho na kufungua mdomo, bila mtu kukata chochote. Aliufunza kwa maelfu ya vikaragosi vya pande tatu vilivyotengenezwa na mashabiki. Mwaka huohuo mtafiti Aliaksandr Siarohin na wenzake walifanya jambo la jinsi hiyo kwa picha halisi za watu, na mwaka 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona, programu ya Avatarify iliyojengwa juu ya kazi yao iliwaruhusu watu kuhudhuria mikutano ya video wakiwa na sura za watu mashuhuri. Tangu hapo picha moja inatosha. Inatosha pia picha ya mtu ambaye hakuombwa ruhusa, na hili linanitia hofu kuliko yote.

Lakini kabla kikaragosi hakijapepesa, kompyuta lazima kwanza ikubali kwamba mbele yake kuna uso. Joy Buolamwini, mwanafunzi mwenye asili ya Ghana katika chuo cha MIT nchini Marekani, alikuwa akitengeneza kioo cha kidijitali ambacho kingeweka sura nyingine, hata ya simba, juu ya uso wa anayejitazama. Programu haikumwona. Ilimwona alipovaa kinyago cheupe.

Hakuliacha hapo. Mwaka 2018, yeye na mtafiti mwenzake Timnit Gebru walizipima programu za kutambua jinsia za kampuni 3 kubwa kwa picha 1,270 za wabunge wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Iceland, Finland na Sweden. Kwa wanaume weupe, kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Rwanda iliingia humo kwa sababu bunge lake lilikuwa na uwiano wa wanawake mkubwa kuliko bunge lolote duniani, na Kigali ikatoa nyuso ambazo Tübingen haikuwa nazo. Kampuni zilipopimwa tena, kwa picha zilezile za wabunge, makosa yalikuwa yamepungua kwa zote tatu.